Ulitembea wakati wa corona, mbona umeacha?

Mgonjwa wangu mmoja wa shinikizo la damu, baba wa watoto watatu anayeishi karibu na Kiambu Road jijini Nairobi, alikuja kliniki hivi majuzi akilalamika kuumwa na kichwa. Nilimpima nikapata 168 kwa 102. Nikafungua kurasa za nyuma za kitabu chake cha kliniki nione mambo yalianza kuharibika lini. Katikati ya mwaka 2020 vipimo vyake vilikuwa 134 kwa 84, kisha 130 kwa 82, mwezi baada ya mwezi. Dawa zilikuwa zile zile anazomeza leo.

“Baba, mwaka ule ulikuwa ukifanya nini?” nikamuuliza.

Akacheka. “Daktari, mwaka ule sikuwa na kazi. Nilikuwa nikiamka naingia Karura, natembea mpaka jua linapanda. Kazi iliporudi, nikaacha.”

Huenda nawe, msomaji, ni kama yeye. Corona ilituumiza sana, na wengi wetu tulizika watu wetu. Lakini iliwafundisha baadhi yetu jambo moja ambalo tumelisahau haraka mno: kutoka nje, penye miti na hewa safi, na kutembea. Leo nataka tulizungumzie jambo hilo kama tunavyozungumzia dawa nyingine yoyote: inatibu nini, inatumiwa kwa kipimo gani, nani awe mwangalifu, na nani hajafikiwa nayo.

Tulipofungiwa

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye ikatolewa amri shule zifungwe. Machi 27 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mnamo Aprili 6 eneo la Nairobi likafungwa, watu wasiingie wala kutoka, na hali ikabaki hivyo hadi Julai. Baa zilifungwa, na pia jimu, makanisa na misikiti.

Mtu akishanyang’anywa sehemu zote hizo, hubaki na barabara na miti. Katika mji wa Oslo, Norway, watafiti walifuatilia matembezi na mazoezi ya watu nje kipindi cha masharti ya Machi 2020, wakaona yameongezeka kwa asilimia 291 yakilinganishwa na wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Hapa kwetu, Msitu wa Karura ulipata wageni wengi kuliko ulivyozoea. Watu waliokuwa wakipita karibu na lango lake miaka nenda miaka rudi wakielekea kazini waliingia ndani kwa mara ya kwanza wakiwa wamevaa barakoa. Walikuta njia za kutembea, maporomoko ya maji na tumbili wanaoruka juu ya miti.

Hiyo ni sehemu moja ya mji. Sehemu nyingine ninaijua kupitia watoto wanaoletwa kwangu. Katika mitaa yenye majumba ya orofa yaliyobanana, kama Pipeline kule Embakasi, mtoto aliyefungiwa hakuwa na Karura. Alikuwa na chumba kimoja, ngazi, na simu ya mama. Akishuka chini, kulikuwa na barabara ya vumbi na bodaboda. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 2020. Wengi waliosalia walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa na zaidi ambayo mtoto hakukimbia uwanjani wakati wa mapumziko.

Inatibu nini?

Tuanze na wewe mtu mzima. Kutembea kwa kasi, mara kwa mara, hushusha shinikizo la damu. Kwa mtu mwenye presha, namba ile ya juu inaweza kupungua kwa 5 hadi 8 hivi, kiasi kinachokaribiana na kazi ya kidonge kimoja. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana mwenye kisukari anayetembea robo saa baada ya chakula huona tofauti kwenye kipimo chake. Mwanga wa asubuhi nao huuambia ubongo kwamba siku imeanza, na usiku usingizi unakuja kwa wakati wake.

Je, miti yenyewe ina kazi yoyote, au hata ukitembea kando ya barabara kuu ni sawa? Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti wa watu karibu 20,000 nchini Uingereza. Waliokaa penye miti, nyasi au ufukweni kwa jumla ya dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusema kwamba afya yao ni njema na wanaridhika na maisha. Haikujalisha kama walitoka siku moja kwa muda mrefu au mara nyingi kwa muda mfupi. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, kwa sababu mwenye afya njema huwa pia mwepesi wa kutoka. Lakini ukijumlisha na hewa isiyo na moshi wa magari, kivuli, na utulivu wa kichwa, mimi humwambia mgonjwa wangu akiweza kuchagua, achague penye miti.

Mzazi, hapa ndipo penye uzito

Kwa watoto kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi hawayajui.

La kwanza ni macho. Mtoto anayekaa ndani akitazama vitu vya karibu siku nzima yumo hatarini zaidi kupata tatizo la kutoona mbali. Ndiye yule anayesogeza kiti karibu na televisheni na kukodoa macho akitazama ubao darasani. Katika mji wa Feicheng, China, macho ya watoto wa shule yalikuwa yakipimwa kila mwaka. Kati ya 2015 na 2019, watoto wa miaka sita wenye tatizo hili hawakuzidi asilimia 5.7. Walipopimwa mwaka 2020, baada ya miezi ya kufungiwa nyumbani, walikuwa asilimia 21.5.

Habari njema ni kwamba kuna kinga. Mjini Guangzhou, pia nchini China, baadhi ya shule za msingi ziliongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 hivi ya watoto wa shule hizo walikuwa wamepata tatizo hilo, huku katika shule ambazo hazikuongeza wakiwa karibu asilimia 40. Kinachosaidia ni mwanga wa mchana. Hata chini ya kivuli cha mti, mwanga huo ni mkali mara nyingi kuliko wa sebuleni, ingawa jicho lako halihisi tofauti hiyo. Unapofika ndani ya jicho, huzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Kwa hiyo mtoto hahitaji kusimama juani. Anahitaji kuwa nje.

La pili ni mifupa. Tunaishi karibu na ikweta na jua halituishii, lakini bado tunaona watoto wenye matege jijini Nairobi. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopigwa na jua, na ngozi nyeusi huchukua muda zaidi kufanya kazi hiyo. Maziwa ya mama yana kila kitu kizuri isipokuwa vitamini hii ambayo ni kidogo. Mtoto mchanga anayefungwa mablanketi mchana kutwa katika chumba kisichofikiwa na jua ataipata wapi? Kioo cha dirisha pia huzuia ile mionzi inayotakiwa, kwa hiyo kumweka karibu na dirisha lililofungwa hakusaidii. Mtoe nje robo saa hivi, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi na uso ukiwa kivulini. Mtoto akichelewa kuketi au kusimama, vifundo vya mikono vikivimba, au miguu ikianza kupinda, usisubiri akue ajinyooshe mwenyewe. Mlete hospitalini. Akishikwa na degedege, mkimbize siku hiyo hiyo.

Kipimo chake

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa mazoezi. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mazoezi ya wastani ni ile kasi inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau wastani wa dakika 60 kwa siku. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji dakika 180 za kucheza kwa siku, zikiwa zimetawanywa kutwa nzima.

Kama umekaa muda mrefu bila mazoezi, anza na dakika kumi. Wiki ijayo ongeza tano. Yule baba wa Kiambu Road sikumwambia aache kazi arudi msituni. Tulikubaliana ashuke matatu vituo viwili kabla ya kwake jioni, na Jumapili baada ya ibada aende Karura na watoto. Dawa zake anaendelea kumeza kama kawaida. Nasisitiza hapo: kutembea hakuchukui nafasi ya kidonge mpaka daktari wako apime na akwambie.

Awe mwangalifu nani?

Presha yako ikifika 180 kwa 110 au zaidi, muone daktari kwanza kabla ya kuanza. Unayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, usitoke bila kula, na mfukoni uwe na glukosi au peremende. Mwenye pumu abebe inhela yake. Ukihisi maumivu au uzito kifuani, kizunguzungu, au pumzi kukatika isivyo kawaida, simama, keti, na utafute msaada hospitalini mara moja.

Wapo ambao tangu walipougua Covid-19 hawajarudi katika hali yao. Kama kila ukijikaza leo unalala kitandani kesho na keshokutwa, usijilazimishe. Punguza, na umweleze daktari.

Tena kuna usalama. Tembea mchana, mkiwa wawili au zaidi, katika njia zenye watu. Wanawake wengi huniambia wangetembea lau si woga. Woga huo una msingi, na jibu lake ni kundi. Majirani watatu wanatosha.

Na asiye na msitu karibu?

Karura ina kiingilio. Ukihesabu na nauli ya familia ya watu watano kutoka Kayole, hiyo ni fedha ya chakula. Siwezi kumwandikia mgonjwa dawa nikijua hawezi kuinunua, nikajiona nimefanya kazi yangu.

Basi tazama ulipo. Uwanja wa shule hukaa tupu Jumamosi na Jumapili. Wazazi watano wakienda pamoja kwa mwalimu mkuu, wakaahidi kusimamia watoto kwa zamu, ni vigumu kuwafukuza. Uwanja wa kanisa nao ni hivyo hivyo. Kama ploti yenu ina mahali pa kuanikia nguo penye jua na ukuta salama, mtoto mchanga anaweza kuota jua pale ukiwa umemshika.

Lakini pia uliza ile sehemu ya wazi ya mtaa wenu ilikwenda wapi. Nchi hii inajua vizuri habari ya viwanja kunyakuliwa. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akasimama kuupinga mpaka ukaachwa. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani akitetea Karura, msitu huo huo uliompa mgonjwa wangu presha nzuri miaka 21 baadaye. Unapoona uwanja wa watoto umegeuzwa maegesho ya magari, usidhani ni jambo la wapangaji wa miji pekee. Ni jambo la macho, mifupa na moyo wa mwanao. Mpelekee mwakilishi wadi wako, mkiwa wengi, na mkiwa na maandishi.

Wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili. Tafuta kitabu chako cha kliniki ulinganishe vipimo vya sasa na vya wakati ule uliokuwa ukitembea. Kisha Jumamosi, kabla jua halijawa kali, shika mkono wa mtoto mtoke nje. Simu iacheni nyumbani.