Simu Imeharibika: Je, Hesabu za Kikundi Zimepotea?



Msimu wa mvua huku kwetu Uasin Gishu ni msimu wa mahindi na maziwa, lakini pia ni msimu wa simu kuharibika. Simu huanguka kwa matope, huloa mfukoni, na wakati mwingine hukanyagwa na ng'ombe. Siku hizi simu si ya kupiga tu. Ndani yake mna hesabu za kikundi, picha za mazishi na harusi, nyimbo za kwaya, hata sauti za wazee waliotutoka.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama upande wa Moiben. Kitabu chao kilikuwa kimenyeshewa, basi katibu akaanza kuandika michango na mikopo kwa simu yake. Asubuhi moja akikama ng'ombe, simu ikatumbukia ndani ya ndoo ya maziwa. Aliitoa haraka, akaipangusa kwa leso, akaitia chaji aone kama bado inafanya kazi. Ikawaka kidogo, halafu ikazima kabisa.

Siku ya mkutano hakuna aliyejua kwa hakika nani amelipa na nani bado. Wengine wakaanza kunong'ona, ati katibu anaficha hesabu. Mama wa watu alilia. Tukaenda naye mjini kwa fundi, na hapo tukajifunza mambo ambayo tunataka kila kikundi kiyajue.

MAMBO YENYEWE YANAKAA WAPI?

Watu wengi hufikiri simu ikifa, kila kitu kimekufa. Si kweli. Mambo yetu hukaa mahali panne tofauti:

1. Kwa laini. Laini inaweza kuhifadhi majina na namba za watu. Itoe, itie kwa simu nyingine, uangalie.

2. Kwa memori kadi. Picha na nyimbo nyingi hukaa hapa, kama kadi iliwekwa na simu iliambiwa ihifadhi huko. Redio ndogo za kucheza nyimbo nazo hutumia kadi hii hii. Redio ikivunjika, kadi inaweza kuwa nzima.

3. Ndani ya simu yenyewe. Hapa ndipo penye shida. Ujumbe mfupi, maandishi na sauti ulizorekodi mara nyingi hukaa hapa. Simu isipowaka, ni vigumu kuvitoa.

4. Kwa kampuni. Pesa za M-Pesa hazikai kwa simu wala kwa laini. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, hesabu zake huwekwa kwa mitambo ya huduma yenyewe. Ukipoteza simu, unarudishiwa namba yako kwa kitambulisho, na pesa unazikuta. Tena unaweza kubonyeza *334# ukaomba taarifa ya pesa zote zilizoingia na kutoka. Hutumwa kwa barua pepe, na mtu wa saiba anaweza kukuchapia.

Yule katibu alipata namba za wanachama kwa laini. Picha za kitabu cha zamani zilikuwa kwa memori kadi, zikatoka zote. Michango iliyotumwa kwa M-Pesa ilionekana kwa taarifa. Lakini mikopo iliyotolewa kwa pesa taslimu ilikuwa imeandikwa ndani ya simu tu. Hiyo haikupatikana.

SIMU IKIINGIA MAJI

Zima simu mara moja. Kama betri inatoka, itoe. Toa laini na memori kadi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, uiweke mahali penye kivuli na upepo kwa siku mbili au zaidi. Usiiweke juu ya jiko wala kwa jua kali.

Usiitie chaji! Hapo ndipo yule mama alipokosea, na wengi wetu hukosea hapo hapo. Maji peke yake huchukua muda kuharibu simu. Lakini maji na umeme vikikutana, vyuma vidogo vya ndani hupata kutu upesi na vingine huungua. Maziwa, chai na soda ni vibaya kuliko maji safi, kwa sababu huacha sukari na chumvi ndani hata baada ya kukauka. Simu kama hiyo fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti.

Na mchele je? Wengi huzika simu kwa mchele. Mchele hausaidii kuliko upepo, na vumbi lake huingia ndani. Hata kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwashauri wateja wake wasifanye hivyo. Mchele upikwe, uliwe.

KIOO KIKIVUNJIKA

Usilie bado. Kioo ni kama dirisha. Likivunjika, vyombo vya nyumba bado vimo. Fundi anaweza kutia kioo kingine, hata cha kuazima kwa muda, ili unakili vitu vyako. Kama unaona maandishi lakini kioo hakisikii kidole, simu nyingi za kisasa hukubali maus ya kompyuta kwa waya mdogo. Lakini ni lazima ukumbuke namba ya siri ya kufungulia simu.

KADI IKIKATAA, AU UKIFUTA KWA BAHATI MBAYA

Kwanza pangusa sehemu ya dhahabu ya kadi kwa kitambaa kikavu, ujaribu kwa simu nyingine. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati kadi, kataa.

Kadi ni kama kitabu chenye orodha ya yaliyomo ukurasa wa kwanza. Ukifuta picha, mara nyingi jina ndilo hufutwa kwa orodha, lakini ukurasa wenyewe bado upo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo acha kuitumia mara moja! Usipige picha nyingine, usiongeze nyimbo. Mpelekee mtu anayejua kompyuta. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo husoma kurasa hizo. Mwambie aweke kinachopatikana kwa kompyuta, asikirudishe kwa kadi ile ile.

Lakini tuseme ukweli: vilivyofutwa ndani ya simu mpya za kisasa ni vigumu sana kurudi, kwa sababu simu hizo hufunga kila kitu kwa ufunguo wa siri. Angalia tu kama picha bado iko kwa pipa la takataka la simu, ambako nyingi hukaa kama siku 30. Anayekuahidi kurudisha kila kitu, usimpe pesa kabla hujaona.

KABLA YA KUMPA FUNDI

- Mwambie: "Nataka vilivyomo kwanza, simu baadaye." Fundi wengi wakisikia simu haiwaki, huiflashi. Ikiflashiwa, inaweza kuwaka, lakini tupu.
- Baki na laini yako na memori kadi, isipokuwa ndizo zinazotengenezwa.
- Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya M-Pesa.
- Kaa hapo ukiangalia. Hesabu na picha za wanachama ni siri yao pia.

KINGA

Wale akina mama walikaa mikutano mitatu wakikumbushana mikopo, kila mmoja na shahidi wake. Walipatana, lakini mmoja alitoka kwa kikundi na hajarudi. Sasa wana kanuni hii: kila hesabu iandikwe kwa kitabu, mweka hazina aweke nakala ya pili nyumbani kwake, na picha ya ukurasa itumwe kwa simu za watu watatu siku hiyo hiyo kabla ya kufunga mkutano. Haigharimu pesa nyingi. Hata nyumba moja ikichomeka, hesabu zipo.

Na kama una sauti ya mzazi aliyefariki kwa simu moja tu, usingoje kesho. Itume leo kwa ndugu zako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Simu ya katibu wetu ikifa leo, tutajua nani ana deni?
2. Nakala ya pili ya hesabu iko kwa nani?
3. Ni nani kati yetu, au kati ya vijana wetu, anaweza kutufundisha kunakili memori kadi?