Sinema bubu haikuwa kimya

Sinema tunazoziona siku hizi zina sauti. Watu wanasema, bunduki zinalia, muziki unapigwa. Zamani haikuwa hivyo. Picha zilitembea juu ya kitambaa cheupe, midomo ilifunguka, lakini sauti haikutoka. Maneno machache yaliandikwa kati ya picha na picha. Asiyejua kusoma alimwuliza jirani yake.

Je, watu walikaa kimya gizani? Hata kidogo. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, jina lao Lumière, walionyesha sinema mjini Paris kwa kiingilio. Mpiga piano alikuwapo. Baadaye, huko Ulaya na Marekani, majumba makubwa ya sinema yaliajiri wapiga muziki wengi. Jumba dogo lilikuwa na piano tu, au piano na fidla. Kazi hiyo ililisha familia nyingi.

Halafu mwaka 1927 ilitoka sinema iitwayo The Jazz Singer, yenye nyimbo na maneno ya kusikika. Watu waliipenda mno. Wenye majumba wakanunua mashine za sauti. Basi, kwa nini waendelee kulipa wapiga muziki? Katika miaka michache maelfu walikosa kazi. Chama chao huko Marekani kilitoa matangazo magazetini, kikiwaomba watu waukatae muziki wa mashine. Watu hawakusikia.

Lakini sinema za zamani zimebaki, na leo wako wanaozipigia muziki tena. Wengine ni bendi za nyuzi: fidla, gitaa, banjo na besi kubwa. (Hiyo banjo asili yake ni kwetu Afrika. Watumwa kutoka Afrika Magharibi walitengeneza ala kama hiyo kwa kibuyu na ngozi.)

Tuchukue sinema ya The General, ya mwaka 1926. Mwigizaji ni Buster Keaton. Yeye ni dereva wa gari moshi wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Maadui wanaliiba gari moshi lake, naye anawafukuza peke yake. Hapo banjo inafaa sana, maana inakwenda mbio kama magurudumu.

Mpigaji haangalii vidole vyake. Anaangalia picha. Mchumba amemkataa Keaton, naye anakaa kwa huzuni juu ya chuma kinachounganisha magurudumu. Fidla inalia polepole. Mara gari moshi linaanza kwenda! Chuma kinampandisha na kumshusha, yeye hana habari. Bendi ikichekesha mapema, watu watajua kabla ya wakati, na kicheko kitaharibika. Ikichelewa, picha imekwisha pita. Zamani ilikuwa taabu zaidi, kwa sababu pengine mwonyeshaji aliizungusha mashine haraka ili jioni moja aonyeshe mara nyingi. Mpigaji naye ilibidi akimbie.

Tena mpigaji mzuri anajua kunyamaza. Mwishoni gari moshi la maadui linajaribu kuvuka daraja linaloungua. Si mchezo wa karatasi: kichwa cha gari moshi cha kweli kilitumbukia mtoni. Hapo bendi inaweza kuacha nyuzi zote, watu wakabaki na moshi na maji tu.