Damu Katika Mkojo: Mambo Yaonyeshayo Kama Mgonjwa Atapona

Mtu wa Kisii au Nyamira aambiwapo kwamba ana saratani ya kibofu au ya figo, swali la kwanza la jamaa zake ni hili: Je, atapona? Daktari hajibu kwa kubahatisha. Yako mambo kadha ayatazamayo, na yafaa kila mwenye nyumba ayajue, kwani kubwa katika hayo hutegemea sana upesi wa mgonjwa mwenyewe.

La kwanza ni kadiri ugonjwa ulivyoenea. Kibofu ni kama mfuko wenye utando laini ndani na nyama nene nje. Saratani huanzia katika utando. Ikiwa haijapita hapo, daktari aweza kuikwangua kwa chombo chembamba kipitishwacho katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ikiisha kuingia katika nyama, mara nyingi hulazimu kukitoa kibofu chote, au kutumia mionzi pamoja na dawa kali. Kwa saratani ya figo, hesabu za Marekani zaonyesha kwamba katika wagonjwa 100 ambao ugonjwa haujatoka nje ya figo, zaidi ya 90 huwa hai baada ya miaka 5. Ukiisha kufika viungo vya mbali, kama mapafu au mifupa, hawafiki 20.

La pili ni tabia ya saratani yenyewe. Kipande kidogo hukatwa na kutazamwa kwa darubini. Chembe zikiwa bado zafanana na chembe nzima, ugonjwa huenda polepole. Zikiwa zimeharibika sana umbo lake, huenea kwa haraka. Tena, vivimbe vingi katika kibofu, au kimoja cha sentimita 3 au zaidi, aghalabu hurudi baada ya kuondolewa. Kwa hiyo mgonjwa aambiwaye arudi baada ya miezi 3 kutazamwa kibofu, na asikose, hata akijiona mzima.

La tatu ni hali ya mwili. Umri, nguvu na uzima wa mafigo hutazamwa. Mkojo ukizuiliwa na uvimbe hata figo likajaa maji, ni dalili mbaya, na figo dhaifu huenda lisistahimili dawa kali.

Tumbako ni adui mkubwa wa kibofu, na mgonjwa yampasa aiache kabisa. Kichocho cha mkojo nacho huweza kuleta saratani ya kibofu. Ugonjwa huo umeenea zaidi Pwani. Basi mtu aliyekaa huko akaoga mitoni au mabwawani amweleze daktari.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni damu katika mkojo, isiyo na maumivu. Huonekana siku moja, ikakoma majuma mengi, na mtu akadhani amepona. Wanawake huidhani ni damu ya mwezi, wakachelewa. Mtu yeyote aionaye, hata mara moja tu, aende zahanati iliyo karibu akapimwe mkojo. Na sababu isipojulikana, aombe kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Asinunue dawa dukani na kungoja. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.