Beni: Kambi za ADF zinapoanguka, vijiji ndivyo vinavyolipa

Kila mara jeshi linapotangaza kwamba limeteka kambi ya ADF, kuna swali moja la kuuliza: waliotoroka wamekwenda wapi?

Kundi hilo lilianza katika miaka ya 1990 kupigana na serikali ya Uganda. Kwa miaka mingi lilikuwa na kambi kubwa katika misitu ya Beni, pamoja na mashamba, wanawake na watoto. Lilifanya biashara na wakaaji wa jirani. Anayetegemea wanakijiji kwa chakula na habari hana faida ya kuwamaliza.

Januari 2014, FARDC ilianzisha operesheni Sukola 1, na Aprili ikateka kambi ya Medina. Oktoba, mauaji ya mapanga yakaanza kandokando ya mji wa Beni. Kufikia mwisho wa mwaka, zaidi ya watu 200 walikuwa wameuawa. Uchunguzi ulitaja pia watu wengine wenye silaha, lakini ADF ndiyo iliyonyooshewa kidole zaidi.

Kundi lililopoteza kambi hugawanyika. Vikundi vidogo haviwezi kusimama mbele ya jeshi, lakini vinaweza kuvamia mashamba ya kakao, kupora na kuteka watu wa kubeba mizigo. Mauaji hayo pia yanalazimisha askari kutoka msituni kuja kulinda vijiji, na yanavunja imani ya raia kwa serikali.

Ndivyo ilivyokuwa tena baada ya mashambulizi ya jeshi ya tarehe 30 Oktoba 2019. Mauaji yaliongezeka, na tarehe 25 Novemba raia wenye hasira wakachoma ofisi ya meya wa Beni na kuvamia kambi ya MONUSCO.

Tangu tarehe 30 Novemba 2021, jeshi la Uganda linashirikiana na FARDC katika operesheni Shujaa. Siku ya Krismasi mwaka huo, bomu lililipuka katika mgahawa mjini Beni. Waasi wakasogea Ituri na magharibi. Juni 2024 makumi ya watu waliuawa Mayikengo, wilayani Lubero.

Hii si sababu ya kuacha kuwafuata. Lakini kabla ya kushambulia kambi, lazima askari wawe tayari kwenye vijiji vilivyo njiani mwa wanaokimbia, na wakaaji wapewe tahadhari mapema. La sivyo, ushindi wa msituni utahesabiwa kwa makaburi ya vijijini.