Ada ya Masafa: Jinsi Nyuzilandi Inavyogharimia Usafiri kwa Kilomita

Utangulizi

Katika nchi nyingi, fedha za kujenga na kutunza barabara hutokana na makato yaliyomo ndani ya bei ya mafuta. Tanzania na Kenya nazo hutumia njia hiyo: kila lita ya petroli au dizeli hubeba kiasi kinachoelekezwa kwenye mfuko wa barabara. Utaratibu huu umejengwa juu ya dhana kwamba anayechoma mafuta mengi ndiye anayetumia barabara zaidi. Dhana hiyo hudhoofika kadiri injini zinavyohitaji mafuta machache, na huporomoka kabisa kwa pikipiki au gari la umeme, ambalo hupita barabara ileile bila kusimama kwenye kituo cha mafuta. Makala hii inaeleza njia nyingine, ambayo Nyuzilandi imeitumia tangu mwaka 1978: kutoza kwa masafa. Inadai kuwa nguvu ya njia hiyo haimo katika mita ya kuhesabia kilomita, bali katika uhusiano ulio wazi kati ya anacholipa mtumiaji na kinachogharimiwa na fedha zake.

Namna ada inavyotozwa

Msingi wa utaratibu huu ni sheria ya mwaka 1977, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya mwaka 2012. Petroli hutozwa ushuru wa barabara kituoni. Dizeli haitozwi hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutumika kwenye matrekta, mitambo na vyombo vya baharini. Badala yake, mwenye gari la dizeli hununua mapema leseni ya masafa, kwa mafungu ya kilomita 1,000. Kwa gari dogo, masafa husomwa kwenye mita ya dashibodi. Kwa lori, hutumika kifaa kinachofungwa kwenye gurudumu na kuhesabu mizunguko yake, au kifaa cha kielektroniki. Gari linapokaguliwa usalama wake, usomaji wa mita huandikwa, na aliyepitisha masafa aliyoyalipia hubainika. Kwa gari dogo, basi, serikali huhitaji kujua limekwenda kiasi gani tu. Haihitaji kujua limekwenda wapi.

Kiwango hutegemea pia uzito na idadi ya ekseli. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua kwa kasi kuliko uzito. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, ekseli inapobebeshwa mzigo maradufu, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana lori linalogawa mzigo wake kwenye ekseli nyingi hulipa pungufu kuliko lori lenye uzito uleule na ekseli chache.

Fedha zinakokwenda

Ada ya masafa, ushuru wa petroli na ada za usajili wa magari huingia katika Mfuko wa Taifa wa Usafiri wa Nchi Kavu. Tangu mwaka 2008, mapato yote ya ada ya masafa na ya ushuru huo wa petroli yametengwa kisheria kwa ajili ya mfuko huo. Waziri hutoa tamko la sera linaloonyesha vipaumbele; wakala wa usafiri huandaa mpango wa miaka mitatu na kugawa fedha. Mfuko hugharimia barabara kuu, usafiri wa umma, njia za waenda kwa miguu na baiskeli, pamoja na kazi ya polisi barabarani. Kwa barabara za mitaa, mfuko hutoa takriban nusu ya gharama, na halmashauri hujazia zilizobaki.

Uhusiano huu ulijaribiwa mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda. Serikali ilipunguza ada ya masafa kwa asilimia 36 hadi katikati ya mwaka 2023, lakini ililazimika kufidia mfuko kutoka hazina kuu. Nafuu ya madereva ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilionekana katika hesabu. Hata hivyo, mfuko haujitoshelezi: katika miaka ya karibuni umeongezewa ruzuku na mikopo ya serikali.

Jaribio jingine lilihusu umeme. Msamaha wa magari madogo ya umeme ulikoma mwishoni mwa Machi 2024. Sasa hulipa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000, sawa na gari dogo la dizeli. Magari yanayochajiwa umeme na kutumia petroli pia hulipa dola 38, kwa kuwa wenyewe hulipa tayari ushuru wa petroli.

Suala la istilahi

Afrika Mashariki wazo hili si geni. Kiwango cha COMESA kwa malori makubwa yanayovuka mipaka ni dola 10 za Marekani kwa kila kilomita 100. Kilicho kigumu zaidi ni jina. Kodi hulipwa bila kudai huduma mahususi. Ushuru huambatana na bidhaa. Tozo, nchini Tanzania, imebeba kumbukumbu ya mjadala mkali wa mwaka 2021 kuhusu miamala ya simu. Ada, kama ilivyo ada ya shule, huashiria malipo ya huduma ambayo mlipaji anaweza kuidai. Istilahi ada ya masafa ndiyo inayokaribia zaidi utaratibu wa Nyuzilandi, lakini jina hilo ni ahadi. Malipo yakiitwa ada ilhali fedha zinamezwa na matumizi mengine, mwananchi atakuwa na haki ya kuyaita kodi.

Hitimisho

Nchi inayotafakari ada ya masafa haina budi kuanza na sheria ya mfuko, kisha kiwango kinachofuata uzito, ndipo ifikirie vifaa. Nyuzilandi ilianza na leseni ya karatasi na mita ya kawaida. Mitambo ya kielektroniki ilikuja baadaye, juu ya mfuko na hesabu ambazo mlipaji angeweza kuzifuatilia.