Kuiamuru Kompyuta kwa Maandishi

Wengi wetu kompyuta twaijua kwa kubonyeza picha. Lakini iko njia ya kale zaidi, nayo ni kuiandikia amri. Programu izipokeayo huitwa sheli, na mashuhuri miongoni mwazo ni Bash, aliyoitunga Brian Fox wa Marekani, ikatolewa mwaka 1989.

Anayeanza na aanze kwa alifu na be: "pwd" humwambia yupo wapi, "ls" humwonyesha faili zilizopo, "cd" humhamisha. Akizizoea, aziandike amri zake katika faili moja, tuseme "kazi.sh", kisha aamuru "bash kazi.sh". Zitatekelezwa moja baada ya moja. Hiyo ndiyo skripti.

Ila tahadhari, ndugu msomaji. Mtumishi huyu hutii neno, nia haijui. "rm *.txt" hufuta faili ziishiazo kwa .txt; ukiteleza ukaacha nafasi baada ya nyota, umefuta faili zote ulizoonyeshwa na "ls", na kwa kawaida huulizwi. Basi kwanza itangulize "echo": "echo rm *.txt". Utaandikiwa majina tu, uyasome, ndipo uamue. Majuto ni mjukuu.