Kamera na subira vyatosha kuchora ramani ya Mwezi

RAMANI ya Mwezi si lazima itoke katika maabara ya taifa kubwa au katika satelaiti. Mtu mwenye darubini ndogo, kamera na kompyuta anaweza kuichora mwenyewe kutokana na picha alizopiga akiwa uani kwake, mradi afahamu jambo moja la msingi: picha ya Mwezi bado si ramani.

Tofauti hiyo inatokana na umbo la Mwezi wenyewe. Mwezi ni tufe lenye kipenyo cha takriban kilomita 3,475, ilhali picha ni bapa. Vilivyo katikati ya uso wake huonekana kwa umbo lao halisi, lakini kadiri jicho linavyoelekea ukingoni ndivyo vitu vinavyozidi kubanwa. Shimo la mviringo lenye upana wa kilomita 100, likiwa nyuzi 60 kutoka katikati, huonekana kama yai lenye upana wa kilomita 50 tu. Tambarare iitwayo Mare Crisium nayo huonekana imerefuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kumbe urefu wake halisi ni wa mashariki na magharibi.

Kutorekebisha kasoro hiyo kuliwahi kuwaficha wataalamu jambo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Gerard Kuiper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walimulika picha za darubini juu ya tufe jeupe, kisha wakalipiga picha tufe hilo kutoka pembeni. Ukingo wa Mwezi ukaonekana kana kwamba mtazamaji yuko juu yake. Mwaka 1962, Kuiper na William Hartmann walieleza kuwa milima iliyokuwa ikionekana kama safu za kawaida za ukingoni ni pete zinazozunguka bonde moja kubwa, Mare Orientale, ambalo upana wake unakaribia kilomita 930. Picha zilikuwapo, kilichokosekana ni kuzigeuza kuwa ramani.

Leo kazi ya tufe lile jeupe hufanywa na kompyuta. Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni kuchagua usiku unaofaa. Wengi hudhani mwezi mpevu ndio bora, lakini wakati huo jua huumulika Mwezi kwa mbele na vivuli hutoweka. Milima na mashimo huonekana vizuri karibu na mstari unaotenganisha mchana na usiku wa Mwezi. Mstari huo husogea takriban nyuzi 12 kwa siku, hivyo anayetaka ramani kamili hana budi kupiga picha kwa siku nyingi mfululizo.

Hatua ya pili ni kupambana na hewa ya dunia, ambayo huitikisa picha. Badala ya kutegemea picha moja, wapenzi wa elimu ya anga hupiga video fupi, kisha programu huchagua picha zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine hadi zitoe picha moja safi. Hapa wakazi wa Afrika Mashariki wana bahati: kwa kuwa wako karibu na Ikweta, Mwezi huwapitia juu sana angani, na mwanga wake hukatiza hewa kidogo kuliko unapotazamwa ukiwa chini karibu na upeo wa macho.

Hatua ya tatu ni kuielekeza picha. Kwa desturi, kaskazini ya ramani huwa juu. Kwa mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayeutazama mwezi mchanga ukielekea kutua magharibi, kaskazini yake huwa upande wa kulia, hivyo picha lazima izungushwe. Kisha huteuliwa mashimo kadhaa ambayo latitudo na longitudo zake zinajulikana, likiwamo Mösting A, shimo dogo karibu na katikati ya uso wa Mwezi, ambalo kwa miaka mingi lilitumika kama alama ya kupimia. Kwa kutumia alama hizo, programu hukokotoa mahali pa kila nukta ya picha na kuitandaza upya.

Hatua ya mwisho ni kuunganisha vipande. Picha za mwezi unaokua zisichanganywe na za mwezi unaopungua, kwani vivuli huangukia pande tofauti na shimo laweza kuonekana kama kilima. Aidha, Mwezi hutikisika kidogo ukitazamwa kutoka duniani, hivyo anayepiga picha kwa miezi mingi anaweza kukusanya hadi asilimia 59 ya uso wake.

Wapo watakaouliza faida yake, wakati satelaiti ya Marekani ya Lunar Reconnaissance Orbiter, iliyorushwa mwaka 2009, imekwisha kuupiga picha Mwezi kwa undani mkubwa. Jibu limo katika vimondo. Machi 17, 2013, kamera za darubini zilizokuwa duniani zilinasa mmweko wa kimondo kilichoupiga Mwezi. Mahali pa mmweko palipokadiriwa, satelaiti hiyo ilitafuta eneo hilo na kukuta shimo jipya lenye upana wa mita 18. Januari 21, 2019, wakati wa kupatwa kwa Mwezi, mmweko mwingine ulinaswa na watu wengi, wakiwamo wasio wataalamu.

Mmweko wa aina hiyo hudumu kwa kitambo kifupi mno na haurudii. Aliyeunasa bila kujua ulitokea wapi ana picha ya kuvutia tu. Anayeweza kuitafsiri picha yake kwa latitudo na longitudo ana taarifa ambayo mwanasayansi anaweza kuifuatilia.